Kutafuta Joto Linalotoroka: Kipimajoto cha Infraredi Katika Nyumba ya Mbao ya Minnesota

Msimu wa baridi unapokaribia, jamaa zetu walionunua nyumba katika vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis, jimboni Minnesota nchini Marekani, kama vile Brooklyn Park na Brooklyn Center, huulizana swali lile lile: inakuwaje bili ya gesi inapanda kila mwezi, ilhali chumba cha watoto hakilaliki bila blanketi mbili? Jibu wanalopewa mara nyingi, hasa na mawakala wanaopita mlango kwa mlango, ni kwamba madirisha yamechakaa na hayana budi kubadilishwa yote kwa mkupuo. Mimi naona ushauri huo unawaingiza watu katika gharama kubwa kabla hawajajua tatizo liko wapi. Mwenye nyumba anaweza kununua au kuazima kipimajoto cha infraredi, akaizunguka nyumba yake usiku mmoja wa baridi kali, na akajionea mwenyewe joto lake linapopotelea. Katika nyumba nyingi za mbao za huku, yetu ikiwamo, sehemu kubwa ya jibu haiko kwenye vioo. Iko darini, yaani nafasi iliyo kati ya dari na paa, na katika besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, kwenye mianya ambayo hakuna anayeitazama.

Kifaa chenyewe si kigeni kwa yeyote aliyepita uwanja wa ndege au mlango wa benki wakati wa janga la Uviko-19, kwa kuwa ni cha ukoo mmoja na vile vipimajoto tulivyokuwa tukielekezewa kwenye paji la uso. Tofauti ni kwamba cha kitabibu kwa kawaida kimetengenezwa kwa ajili ya joto la mwili peke yake, kwa hiyo hakifai kupimia ukuta wenye digrii 12, wakati kile cha mafundi husoma kuanzia chini kabisa ya sifuri hadi mamia ya digrii. Hiki cha pili hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi kwa makumi machache ya dola. Vifaa vya huku huja vikiwa vimewekwa katika Farenhaiti, lakini karibu vyote vina kitufe cha kubadilishia, na vipimo vyote nitakavyovitaja hapa ni vya Selsiasi.

Ni muhimu kuelewa vizuri kifaa hiki kinapima nini, maana makosa mengi ya watumiaji huanzia hapo. Mwaka 1800, mwanafalaki William Herschel, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akiishi Slough nchini Uingereza, alipitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo ukatawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua, kisha akaweka vipimajoto katika kila rangi. Aliona kwamba joto linaongezeka kuelekea upande wa nyekundu, na kwamba kipimajoto kilichowekwa nje kidogo ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni mwanga wowote, kilipanda kuliko vyote. Miale hiyo isiyoonekana ndiyo tunayoiita leo infraredi. Kila kitu huitoa muda wote, hata ukuta wa zege wa besimenti wakati wa Januari, na kadiri kitu kinavyokuwa na joto zaidi ndivyo kinavyotoa miale mingi zaidi. Vitu vyenye joto la kawaida la chumba hutoa zaidi miale yenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 10 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), mbali kabisa na mwanga wa kawaida ambao huishia karibu na mikromita 0.7. Kipimajoto hukusanya miale hiyo kwa lenzi ndogo, huipeleka kwenye kihisio, kisha hukokotoa joto la uso wa kitu kilicho mbele yake.

Nasisitiza neno uso. Kipimajoto hiki hakioni hewa, hakioni kilichomo ndani ya ukuta, na wala hakipimi joto linalopotea. Kinasoma uso wa kitu na kukuachia kazi ya kufikiri. Mtu anayekielekeza katikati ya chumba akitaka kujua hewa ina digrii ngapi atapata joto la ukuta wa upande wa pili. Vivyo hivyo, anayekielekeza dirishani akidhani anapima baridi ya nje, atakuwa anapima kioo chenyewe, kwa sababu kioo ambacho macho yetu yanapita bila kizuizi ni kama ukuta mzito kwa miale ya mikromita 10.

Jambo la pili ni kwamba vitu havifanani katika uwezo wa kutoa miale. Uwezo huo wataalamu huuita emisiviti, nao hupimwa kuanzia 0 hadi 1. Ukuta uliopakwa rangi, mbao, matofali, plasta na hata ngozi ya binadamu viko karibu na 0.9 au juu kidogo, na ndiyo maana vifaa vingi vya bei nafuu huwekwa 0.95 kiwandani bila nafasi ya kubadilisha. Lakini chuma kinachong'aa, karatasi ya alumini, au bati jipya ambalo bado halijashika kutu, vina emisiviti ndogo sana na badala yake huakisi miale ya vitu vilivyo jirani. Ukielekeza kipimajoto kwenye bomba la alumini linalopeleka hewa moto vyumbani, utasoma zaidi joto la dari au la sura yako mwenyewe kuliko la bomba. Dawa yake ni rahisi: bandika kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme juu ya chuma hicho, subiri dakika chache utepe ulingane joto na chuma, kisha pima utepe.

Jambo la tatu ni ukubwa wa eneo linalosomwa. Ile nukta nyekundu ya leza humfanya mtu aamini kwamba anapima palipo na nukta peke yake, ilhali leza ni kielekezi tu na haishiriki katika upimaji. Kila kifaa kina uwiano wa umbali na eneo, ambao kwa kawaida huandikwa ubavuni. Chenye uwiano wa 12 kwa 1, ukisimama mita 3 kutoka ukutani, husoma wastani wa duara lenye kipenyo cha sentimita 25. Kwa hiyo ukitaka kupima soketi ya umeme peke yake, bila kuchanganya na ukuta unaoizunguka, sogea hadi sentimita 80 au karibu zaidi. Watu wengi husimama mlangoni, wakabonyeza kitufe huku na huku, kisha wakahitimisha kwamba nyumba haina tatizo, kwa kuwa mwanya mwembamba wenye baridi kali umemezwa na ukuta mpana wenye joto la kawaida.

Sasa niingie katika kazi yenyewe. Usiku unaofaa ni ule ambao tofauti kati ya ndani na nje inafika angalau digrii 10, na imekaa hivyo kwa saa kadhaa. Hapa Minnesota hali hiyo si adimu, kwani kuanzia Desemba hadi Februari nje kunaweza kukaa chini ya sifuri kwa wiki nzima. Kupima baada ya jua kuzama, au alfajiri kabla halijachomoza, ni bora zaidi, kwa sababu ukuta uliopigwa na jua mchana huhifadhi joto na kuficha makosa yake. Upepo mkali nao huvuruga vipimo vya nje, ingawa kwa anayepima ndani unaweza hata kusaidia, kwa kuwa unasukuma hewa baridi ipite kwenye mianya. Funga madirisha yote, acha hita ifanye kazi kama kawaida, na usisogeze makabati dakika ile ile unayotaka kupima, kwani ukuta uliokuwa umefunikwa na kabati huwa baridi kuliko mwingine hata kama hauna kasoro yoyote.

Anza kwa kupima ukuta wa ndani, yaani ule unaotenganisha vyumba viwili vyenye joto. Hicho ndicho kipimo chako cha msingi. Vifaa hivi vinaweza kukosea kwa digrii 2 juu au chini, lakini kosa hilo huwa karibu sawa kwa vipimo vinavyofuatana, kwa hiyo ukilinganisha ukuta mmoja na mwingine kwa kifaa kile kile, tofauti inayobaki inaaminika kuliko tarakimu yenyewe. Tuseme ukuta wa ndani unasoma digrii 21 na nje ni digrii 15 chini ya sifuri. Ukuta wa nje wenye kihami joto kizuri, yaani nyenzo ya kuzuia joto lisipite, utasoma kama digrii 19. Ukuta wa nje usio na kihami joto chochote kati ya mbao zake utasoma kama 14. Dirisha la kawaida la vioo viwili litasoma kama 8 katikati ya kioo. Ipo kanuni ya haraka inayosaidia kuzielewa tarakimu hizi: kila digrii moja ambayo uso wa ukuta umepungukiwa na hewa ya chumba ni sawa na takriban wati 8 zinazopita katika kila mita ya mraba ya ukuta huo. Ukuta wa digrii 19 unapoteza kama wati 15 kwa mita ya mraba, na ule wa digrii 14 unapoteza zaidi ya 50.

Kwa kanuni hiyo hiyo dirisha la digrii 8 linapoteza kama wati 100 kwa mita ya mraba, na hapa nakiri wazi kwamba wauza madirisha hawasemi uongo wanapodai kuwa dirisha ni sehemu dhaifu ya ukuta. Kasoro ya hoja yao imo katika yale wanayoyaacha. Nitaurudia mjadala huo baada ya kuzungumzia hewa, kwa sababu hewa ndiyo kiini cha jambo lote.

Hewa yenye joto hupanda. Katika nyumba yenye besimenti na ghorofa moja au mbili, hewa hiyo husukuma dari kutoka ndani, ikatafuta upenyo wowote wa kutokea darini, na kila inayotoka juu nafasi yake huchukuliwa na hewa baridi inayoingia chini, kupitia mianya ya besimenti na ya ukuta wa chini. Kadiri nje kunavyozidi kuwa baridi ndivyo msukumo huo unavyoongezeka. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa sebuleni akahisi upepo miguuni, akalilaumu dirisha lililo karibu naye, ilhali kinachouvuta upepo huo ni shimo lililo juu ya kichwa chake katika ghorofa ya juu, pale bomba la choo linapopita kwenda kwenye paa.

Kwa hiyo, baada ya kupata kipimo cha msingi, mimi huanzia juu. Mfuniko wa kuingilia darini ndio mahali pa kwanza. Katika nyumba yetu ulikuwa kipande cha ubao mwembamba kilichopakwa rangi nyeupe, kimewekwa tu juu ya fremu yake bila ukanda wowote wa kuziba. Dari iliyouzunguka ilisoma digrii 20, ubao wenyewe 13, na ukingo wake mmoja 9. Nilipoufungua na kupanda na tochi nilikuta mambo mawili ambayo kipimajoto kilikuwa kimeyaashiria. La kwanza, faibaglasi (kihami joto cha nyuzi za kioo) ya rangi ya waridi iliyolala darini ilikuwa imebadilika kuwa nyeusi katika mistari na madoa, hasa juu ya kuta za ndani na kando ya mabomba. Weusi huo haukuwa ukungu. Ni vumbi la nyumba, kwa kuwa hewa inayotoka chini hupenya katika faibaglasi ikaacha vumbi lake humo, na kila doa jeusi ni alama ya mwanya ulio chini yake. La pili, ncha za misumari iliyopigiliwa kutoka nje ya paa zilikuwa zimevaa barafu nyeupe, zikimeta katika mwanga wa tochi. Maji ya barafu ile yalitoka kwenye pumzi zetu, masufuria yetu na bafu letu, yakapanda pamoja na hewa yenye joto, yakagandia kwenye chuma baridi.

Hiyo barafu ya darini ina ndugu yake wa nje ambaye kila mkazi wa Minnesota anamjua. Joto linalovujia darini huyeyusha theluji iliyo juu ya paa, maji yakateremka hadi kwenye ukingo wa paa ambao hauna joto chini yake, yakaganda tena na kujenga bwawa la barafu. Maji mengine yanayofuata hukosa njia, yakaanza kuingia chini ya vigae vya paa na hatimaye kwenye dari ya chumba. Watu hukodi mafundi waje wavunje barafu hiyo kwa mvuke kila mwaka. Huo ni utabibu wa dalili, na mara nyingi dawa ya ugonjwa wenyewe ni kuziba mianya ya darini kwa povu la kupuliza na silikoni kabla ya kuongeza kihami joto. Mpangilio huo haupaswi kugeuzwa. Faibaglasi haizuii hewa. Hupunguza tu kasi ya joto kupita pale ambapo hewa imetulia. Anayemwaga kihami joto kipya juu ya mianya iliyo wazi atakuwa amejenga kichujio kikubwa cha vumbi, na mianya yenyewe itakuwa imefukiwa isionekane tena.

Baada ya dari, shuka hadi besimenti. Pale msingi wa zege unapokutana na sakafu ya mbao ya ghorofa ya kwanza kuna boriti inayozunguka nyumba nzima, na mara nyingi ni ubao mmoja tu unaotenganisha ndani na nje. Elekeza kipimajoto katika kila nafasi kati ya boriti za sakafu. Nafasi moja inaweza kusoma 12, ya jirani yake 11, kisha ghafla ukakuta 3. Hapo weka mkono, na mara nyingi utahisi hewa kabla hujafika kwenye ubao. Katika nyumba yetu palipokuwa baridi kuliko kote ni pale ambapo bomba la gesi na waya wa televisheni vilitobolewa kupita nje, na fundi aliyetoboa akaacha tundu kubwa kuliko bomba.

Soketi na swichi za kuta za nje nazo hupimwa, ila haya ni mambo madogo na sitayakawilia. Soketi inaposoma digrii 11 katika ukuta wenye 19, maana yake hewa inapita ndani ya ukuta huo. Kipande cha sponji kinachowekwa nyuma ya kifuniko husaidia kidogo, ingawa njia ya hewa hiyo kwa kawaida huanzia besimenti na kuishia darini, na ukiziba huko soketi hupata joto zenyewe.

Chumba kilicho juu ya gereji ya gari kinastahili kusemewa zaidi, kwa sababu familia nyingi hukitumia kulaza watoto. Gereji haipashwi joto. Sakafu ya chumba hicho, kwa hiyo, ni sawa na ukuta wa nje uliolazwa. Pima sakafu mraba kwa mraba, hasa pembezoni. Iwapo sakafu yote imepungua sawasawa, kwa mfano digrii 17 kila mahali, kihami joto ni chembamba. Iwapo katikati ni 19 na kingo ni 10, basi kihami joto kipo lakini hewa baridi inapita juu yake, kati yake na mbao za sakafu, na kukiongeza hakutasaidia mpaka kingo zizibwe kutokea gereji. Kuziba huko kuna faida nyingine iliyo kubwa kuliko joto, nayo ni kuzuia moshi wa gari usipenye katika chumba wanacholala watoto.

Kamera ya infraredi hufanya kazi kwa kanuni ile ile, ila badala ya tarakimu moja huonyesha maelfu ya vipimo kwa pamoja katika sura ya picha ya rangi. Minneapolis ina historia yake katika jambo hili: kampuni ya Honeywell, ambayo makao yake makuu yalikuwa hapa hadi mwaka 1999, ndiyo iliyotengeneza kwa ajili ya jeshi la Marekani vile vihisio vidogo visivyohitaji kupozwa, na teknolojia hiyo ilipoondolewa katika siri za kijeshi mapema miaka ya 1990 ndipo kamera hizi zilipoanza kuelekea mikononi mwa mafundi wa kawaida. Leo zipo zinazochomekwa kwenye simu. Maktaba kadhaa za umma za Marekani huziazimisha kama zinavyoazimisha vitabu, kwa hiyo uliza katika maktaba ya kwenu kabla ya kutoa fedha.

Uzuri wa kamera ni kwamba huonyesha umbo la kasoro, na umbo ndilo linalotaja chanzo. Mistari iliyonyooka, ya baridi kidogo, inayojirudia kila sentimita 40 ni nguzo za mbao ndani ya ukuta, ambazo hupitisha joto kuliko faibaglasi iliyo kati yake. Hayo ni maumbile ya ukuta wa mbao na si kasoro. Mraba mzima ulio baridi kati ya nguzo mbili ni mahali ambapo kihami joto kilisahauliwa au kimeporomoka. Michirizi isiyo na mpangilio, iliyochongoka kama vidole, inayoanzia kwenye kona au chini ya ubao wa sakafu, ni hewa inayoingia. Doa lenye kingo laini kwenye dari, chini ya bafu, huenda ni maji, kwani unyevu unapokauka hupoza uso. Hilo lithibitishe kwa kifaa cha kupimia unyevu kabla ya kubomoa chochote.

Ninatahadharisha juu ya rangi. Kamera nyingi hujirekebisha zenyewe ili kijitofauti chochote kilichopo kitandazwe kuanzia bluu hadi nyekundu, kwa hiyo ukuta mzuri wenye tofauti ya digrii 1 unaweza kuonekana wa kutisha sawa na ukuta mbovu wenye tofauti ya digrii 10. Soma kipimo cha tarakimu kilicho pembeni kabla ya kuamini rangi. Picha za nje za madirisha nazo zina hila yake, kwa sababu kioo huakisi anga, na anga la usiku usio na mawingu husoma chini ya sifuri kwa digrii nyingi, hivyo dirisha bovu la ghorofani linaweza kuonekana baridi na zuri kabisa. Muuzaji anayekuonyesha picha ya nyumba yako ikiwa nyekundu na ya jirani ikiwa bluu, bila kipimo pembeni, hajakuonyesha kitu.

Anayetaka kujua uvujaji wote wa nyumba kwa uhakika aite mkaguzi mwenye feni ya mlangoni. Mkaguzi hufunga feni kubwa katika mlango wa nje, akaitoa hewa ndani mpaka tofauti ya msukumo kati ya ndani na nje ifike paskali 50 (paskali ni kizio cha msukumo), kisha akazunguka na kamera huku kila mwanya wa nyumba ukivuta hewa baridi kwa nguvu. Mianya iliyokuwa haionekani hujichora ukutani ndani ya dakika chache.

Sasa nirudi kwenye madirisha, kwa hesabu ambayo msomaji anaweza kuirudia mwenyewe. Chukua nyumba ya mita za ujazo 350, ndani digrii 21 na nje 15 chini ya sifuri. Ikiwa nusu ya hewa yake hubadilishwa kila saa kwa kuvuja, jambo ambalo katika nyumba kuukuu wakati wa baridi kali si la ajabu, kuipasha joto hewa hiyo tu kunahitaji takriban wati 2,100 muda wote. Chukua pia madirisha yenye jumla ya mita za mraba 15. Kuyabadilisha yote kutoka vioo viwili vya kawaida hadi vya kisasa vyenye gesi na utando wa kuzuia miale kutaokoa kiasi cha wati 600 na ushee, kwa gharama ya maelfu mengi ya dola. Kupunguza theluthi moja ya uvujaji wa hewa kunaokoa wati 700, na vifaa vyake ni makopo ya povu, mirija ya silikoni na kanda za sponji. Dirisha ndilo linalosoma baridi zaidi, na ndiyo maana kila mtu hulitazama kwanza. Hata hivyo baridi ya uso mmoja haituelezi ni wapi dola moja itaokoa joto jingi zaidi, na swali hilo la pili ndilo ambalo mwenye nyumba anapaswa kulijibu.

Lipo jambo moja linalofanya madirisha na kona za ukuta zistahili uangalifu wa pekee, nalo ni umande. Hewa ya digrii 21 yenye unyevu wa asilimia 40 huanza kuacha maji juu ya uso wowote wenye digrii 7 au chini yake, na kabla hata ya maji kuonekana, uso wa digrii 10 tayari una unyevu wa kutosha kuotesha ukungu. Pima nyuma ya kitanda kilichosukumwa kwenye kona ya nje, na nyuma ya mapazia mazito. Ukisoma chini ya 10 huko, sogeza kitanda na punguza unyevu wa ndani, hasa kwa kuwasha feni ya jikoni wakati wa kupika na ya bafuni wakati wa kuoga.

Usalama nao usipuuzwe. Nyumba iliyozibwa vizuri inaweza kuifanya hita au hita ya maji inayotumia gesi ishindwe kutoa moshi wake nje, na moshi huo una kaboni monoksidi isiyo na harufu. Baada ya kuziba, mwite fundi apime mvuto wa dohani, na hakikisha kengele za kaboni monoksidi zinafanya kazi karibu na vyumba vya kulala. Tena, ukipanda darini ukakuta chembechembe za kijivu au za dhahabu zinazometa kama kokoto nyepesi, huenda ni vermikulaiti, madini yaliyotumiwa kama kihami joto. Nyingi iliyouzwa Marekani ilitoka katika mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa mwaka 1990, na ilichanganyika na asbestosi, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu. Shuka taratibu, funga mfuniko, na usiiguse mpaka wataalamu wameiona.

Kwa wenye kipato kidogo upo mpango wa serikali kuu ya Marekani wa kuzikinga nyumba dhidi ya baridi, ulioanzishwa mwaka 1976, ambao hulipia ukaguzi, uzibaji na vihami joto kwa familia zinazostahili, wapangaji wakiwamo kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Maombi hupelekwa kwa mashirika yanayoendesha mpango huo katika kila eneo, na orodha ya kusubiri inaweza kuwa ndefu, kwa hiyo aombaye kiangazi humtangulia aombaye Januari. Mpangaji ambaye mwenye nyumba wake hasikii maneno anaweza kuandika tarehe, joto la nje, joto la ukuta wa ndani na joto la kila kona yenye tatizo, akaambatisha picha za kipimajoto kikionyesha tarakimu, akampelekea kwa maandishi.